Kilichomtoa Jotham Leeds

Jotham hakuona haya kumkanda mkewe miguu akitoka kazini, mradi pazia limefungwa. Katika nyumba yao ya Edmonton, London, ndiye aliyepika, ndiye aliyepiga pasi sare za Priscilla, na asubuhi za baridi ndiye aliyeweka viatu vyake juu ya hita ili avivae vikiwa na joto. Lakini ukitaka kumwona mtu akishikwa na kigugumizi, ungemuuliza Jotham mbele ya wanaume wenzake ni nini kilichomleta London.

Kilichomleta ni mke, basi. Priscilla ni muuguzi. Alipandishwa cheo, akapewa wodi nzima aiongoze katika hospitali moja ya kaskazini mwa London, na Jotham akaacha kazi yake katika kiwanda cha madirisha huko Leeds akamfuata. "Tangulia, Mama Adelina, mimi niko nyuma yako," alimwambia siku walipoamua, na aliyasema kwa moyo wake wote. Shida ni kwamba alikuwa na wajomba kule Vihiga, Kenya, ambao wangesema ameolewa, na wangelisema hilo mpaka mazishini kwake.

Kwa hiyo Jumapili yao ya kwanza katika ushirika wa Wakenya, Priscilla akiwa zamu, mwenyekiti Naftali alipomsimamisha ajitambulishe, Jotham alimsifu Bwana kisha akasema kampuni yake imemhamishia London. Wiki zilipopita na watu wakamwona yuko tu nyumbani, akaongeza kwamba tawi limefungwa. Jioni alimsimulia Priscilla kana kwamba ni mzaha. Priscilla alimtazama kidogo, akauliza kama chai imetiwa sukari.

Jobcentre, ofisi ya serikali ya wasio na kazi, nako alipeleka kiburi kilekile. Kijana wa mezani alipomuuliza kwa nini aliacha kazi, Jotham alisema alitaka tu kubadilisha mazingira. Basi wakaizuia posho yake ya kukosa kazi, maana mtu aliyeacha kazi mwenyewe bila sababu ya maana hupewa adhabu ya kusubiri. Kodi ya nyumba haikusubiri. Priscilla akaanza kuchukua zamu za ziada, akawa anarudi na miguu iliyovimba.

"Si uliwaambia ulinifuata?" aliuliza.

"Niliwaambia ni sababu zangu binafsi."

"Kwa hivyo mimi ndiye sababu zako binafsi?" Priscilla alicheka, lakini kicheko kilikuwa kidogo. "Rudi uwaambie ukweli, Baba Adelina. Nimechoka."

Jotham akaomba suala lake liangaliwe upya, akapewa siku. Naftali alipopata habari, damu ilimchemka. Kampuni imhamishe mtu, ifunge tawi, halafu aambiwe aliacha kazi kwa hiari! Alisema hakuna Mkenya atakayeingia ofisi ile peke yake maadamu yeye ndiye mwenyekiti. Jotham alijaribu kila njia ya kumzuia, hadi kumdanganya saa, lakini siku hiyo alimkuta Naftali mlangoni mwa Jobcentre amevaa tai.

Walipokewa na mama wa makamo aliyeitwa Kalpana, mwenye miwani na sauti ya upole. Alimuuliza Jotham kwa Kiingereza kwa nini aliondoka Leeds.

"Ni mambo ya kifamilia," Jotham alisema, naye kwa Kiingereza.

"Mambo gani hasa?"

Jotham akatazama viatu vyake. Naftali hakuweza kuvumilia. Akamwinamia, akamnong'oneza kwa Kiswahili, "Bro, mwambie ni kampuni ilikuhamisha! Unaogopa nini?"

Kalpana aliinua kichwa. "Kampuni gani ilimhamisha?" aliuliza, kwa Kiswahili safi kabisa.

Wanaume wawili wakamwangalia midomo wazi.

"Nimezaliwa Kisumu, baba. Dukani kwetu tulikuwa tunaongea Kiswahili kutwa. Haya, kampuni gani? Hapa kwa computer inasema uliacha mwenyewe. Kama walikuhamisha, nitawapigia sasa hivi."

Akaweka mkono kwenye simu. Jotham akisema kampuni iko, atakuwa mwongo mbele ya serikali. Akisema haiko, kabla ya jioni Edmonton yote itajua. Halafu akakumbuka kwamba asubuhi hiyo, kwa kuwaza maneno ya kusema hapa, alisahau kuweka viatu vya Priscilla kwenye hita. Priscilla alivivaa baridi hivyohivyo, akamtakia kila la heri.

"Hakuna kampuni," alisema. "Nilimfuata mke wangu."

Maneno yalitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kalpana akaondoa mkono kwenye simu.

"Alipandishwa cheo, ni ward sister sasa, mkuu wa wodi. Sikutaka aje huku peke yake. Na mimi, madam, singeweza kukaa kule bila yeye."

"Hiyo ni good reason kabisa," Kalpana alisema huku akiandika. "Nitawaandikia vizuri wale wanaoamua. Kwa nini hukuisema mara ya kwanza?"

Naftali alikuwa akichunguza dari.

Kwenye kituo cha basi Jotham alisubiri kuchekwa. Basi la kwanza likapita, Naftali bado amekunja uso.

"Kuna kitu sielewi," alisema hatimaye. "Priscilla ni ward sister?"

"Tangu tuje."

"Mbona mke wangu Ann alimuuliza jikoni, mbele ya kina mama wote, kilichowaleta London, akasema amemfuata mzee wake? Bro, wale kina mama wanakutana kila Alhamisi. Kila Alhamisi wanamwombea Priscilla apate kazi nzuri. Na yeye anafunga macho, anasema amina!"

Jotham aliketi kwenye benchi. Alitaka kucheka, akashindwa. Mwanamke aliyeamrisha wodi nzima alikuwa ameinamisha kichwa aombewe kazi, ili uongo wa mumewe usianguke. Alimpenda mpaka kifua kikamuuma, na aibu aliyoiona pale ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoikimbia siku zote.

Ijumaa iliyofuata walimpigia simu kwamba sababu yake imekubaliwa na posho italipwa. Jumapili Priscilla hakuwa zamu, wakaenda pamoja. Naftali alipouliza kama kuna wageni, Jotham alisimama.

"Bwana asifiwe. Nataka kujitambulisha upya." Watu wakacheka. "Mimi ni Jotham, mume wa Priscilla. Hakuna kampuni iliyonihamisha. Mke wangu alipewa wodi nzima aiongoze, nikaacha kazi Leeds nikamfuata."

"Kumbe umeolewa!" sauti ikatoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Ndiyo, na nimetunzwa," Jotham alijibu.

Priscilla alimvuta koti. "Keti chini, Baba Adelina, unaniaibisha." Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na koti hakuliachia.

"Namalizia. Kina mama, asanteni kwa maombi ya Alhamisi, lakini mmekuwa mkimwombea asiye na shida. Asiye na kazi ni mimi. Niombeeni mimi."

Ann akasimama palepale akaomba, na ilipofika amina, ya Priscilla ndiyo iliyosikika kuliko zote.