Kiuno cha Nane

Bhoke alinichukia kuanzia siku ya kwanza, nami sikumwangusha.

Siku hiyo tulisimama mstari mmoja kwenye yadi ya mafunzo nje kidogo ya Geita, watu thelathini na mmoja tunaogombea nafasi sita za kikosi cha zimamoto cha mgodi. Mbele yangu alikuwepo dada mmoja wa Tarime, mrefu, mabega kama mlango wa ghala la pamba. Miaka mitatu alikuwa akibeba viroba vya mawe kwenye karasha la kusaga dhahabu. Nikamnong'oneza Boaz, rafiki yangu wa Kambarage niliyesoma naye sekondari: "Huyu hahitaji maji. Huyu anaukalia moto, unazimika." Tatizo langu nikinong'ona nasikika mpaka jikoni.

"Wewe mura," Bhoke akasema bila kugeuka, "huo mdomo umeutoa wapi?"

"Wa kurithi, dada. Upande wa mama."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Tukaendelea hivyohivyo. Mimi nilimwita Tanki, yeye akaniita Redio. Nikipita na bakuli la uji, mguu wake ulikuwa njiani. Yeye akiteleza kwenye ngazi, mimi ndiye niliyeanzisha makofi. Mkufunzi wetu, Afande Pantaleo, alituchukia sote kwa usawa, na hiyo ndiyo haki pekee niliyoiona pale. "Ngassa," alikuwa akiniambia, "siku moto utakapocheka utani wako, nitakupa cheti bila mtihani."

Wiki ya saba zamu yangu ilikuwa kujaza mitungi ya hewa asubuhi. Kompresa ile ina mngurumo mtamu, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikasinzia. Kufumbua macho namwona Pantaleo, na nyuma yake Bhoke, mikono kifuani.

"Asante kwa taarifa," Pantaleo alimwambia mbele yangu, wala hakuficha.

Jumapili nzima nikakunja mipira ya maji peke yangu kwenye jua. Hiyo ningeisamehe. Alama zilizokatwa sikuzisamehe. Matokeo yalipobandikwa, tulikuwa tumebaki kumi na mmoja. Bhoke wa tatu. Boaz wa tano. Mimi wa saba.

Wa saba kwenye nafasi sita. Na baba yangu kule Mhunze alishawatangazia watu wote mnadani kwamba mwanawe ni zimamoto, hata bei za ng'ombe zikasimama wamsikilize.

Ulikuwa umebaki mtihani mmoja, wa kontena la moshi. Ni makontena mawili yaliyochomelewa pamoja, ndani yamegawanywa vyumba, giza tupu. Kwa nyuma kuna pipa la pumba mbichi na magunia machakavu. Pantaleo akilichochea, moshi unajaa ndani mpaka mkono wako huuoni. Chumba cha mwisho kalala mdoli wa turubai aliyejazwa mchanga, kilo sabini. Mimi ndiye niliyempa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa hana anachofanya na lazima abebwe. Pantaleo hakucheka, lakini siku ya pili nilimsikia akilitumia.

Mnaingia wawili, kila mmoja na mtungi wake mgongoni. Kabla ya kuingia unaandika presha ya mtungi wako kwenye kibati chenye jina lako, kwa makapeni, unamkabidhi mshika ubao. Yeye anahakikisha kwenye geji, anakitundika, anapiga hesabu. Mia mbili themanini ni dakika thelathini na mbili ndani. Mia mbili ni dakika ishirini tu. Presha ya mwenye kidogo ndiyo inayofuatwa. Muda ukiisha, mshika ubao anapiga honi na wote wawili mnatoka, hakuna mjadala. Mkitoka bila Mheshimiwa, mmefeli.

Wiki ya tano, kwenye mazoezi ya kontena hilohilo, kuna wawili walioogopa moshi wakaandika presha pungufu, ili waitwe mapema, na mshika ubao wao hakusoma geji. Pantaleo aliwatimua wote watatu kabla ya chakula cha mchana. "Mwoga nitamfundisha," alisema. "Mwoga anayenidanganya arudi kwao."

Siku ya mtihani Bhoke na Boaz ndio waliokuwa waingie. Mimi ubao. Mwenzangu Gregory alisimama mbali na mpira wa maji, tayari kwa lolote.

Bhoke akanisukumizia kibati kifuani. "Hesabu vizuri, Redio."

"Kwenda na kurudi, Tanki."

Nikasoma geji yake. Mia mbili themanini, kama alivyoandika. Ya Boaz pia. Wakavuta barakoa, wakapiga magoti, wakapotea ndani. Pantaleo alikuwa kule nyuma anachochea pipa.

Nikabaki na ubao, na jua, na kile kibati. Nane yake ilikuwa ndefu, nyembamba kiunoni, imeminywa kama nyigu. Nikaitazama. Nikalowesha ncha ya ukucha kwa mate, nikakwangua kiuno. Basi. Ikabaki sifuri ndefu, ya mwandiko wake mwenyewe. Mia mbili.

Nilijiambia ni utani. Ningemwongezea, hapo ningekuwa muuaji, mimi nimempunguzia. Atatoka mapema, hewa imebaki tele, atafoka, tutacheka. Ndivyo nilivyojiambia. Habari ya kuwa wa saba sikujikumbusha.

Boaz ndiye aliyenijia kichwani, tena baada ya dakika kumi. Akiitwa Bhoke, na Boaz anatoka. Nikasema ah, hiyo haikuwemo kwenye hesabu. Makapeni ilikuwa inaning'inia palepale kwenye uzi. Kiasi cha kuchora tena kiuno. Nikaishika. Kivuli kikaniangukia: Pantaleo amekuja kusimama pembeni yangu, anakung'uta majivu mikononi, anatazama ubao.

"Mia mbili?" akasema. "Kompresa haikufanya kazi?"

Nikaiachia makapeni. Akaangalia saa yake, tukasubiri pamoja, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Piga honi."

Nikapiga.

Wakatoka wanatambaa, mikono mitupu. Boaz akaing'oa barakoa. "Tulishamshika mguu! Afande, tulishamshika mguu! Dakika mbili tu!"

Bhoke alikuwa anaangalia geji yake. Pantaleo naye akaishika, akaisoma kwa sauti.

"Mia na sitini. Uliingia na mia mbili, umekaa dakika ishirini, umetumia arobaini. Hata mtoto mchanga aliyelala anapumua zaidi ya hivyo."

"Niliingia na mia mbili themanini, Afande."

"Huu mwandiko wa nani?"

Bhoke akasogea, akakitazama kibati. "Wangu. Lakini niliandika themanini."

"Sasa nani kaandika mia mbili? Mheshimiwa?" Akanigeukia. "Ngassa. Geji yake uliisoma?"

"Ndiyo, Afande."

"Ilisema ngapi?"

Wote kumi na mmoja tulikuwa pale. Boaz anakohoa, Gregory ameshika mpira. Bhoke akanitazama, na nikaona kwamba ameshajua. Hakuwa na ushahidi, lakini alijua.

"Mia mbili, Afande," nikasema. Na kwa kuwa wote walikuwa wananitazama, mdomo ule wa kurithi ukaongeza: "Pengine Tanki linavuja."

Wakacheka. Naikumbuka sauti ya kicheko kile. Vicheko vyangu vyote vya nyuma watu walikuwa wananipa mimi. Hiki kilikuwa kinampiga mtu.

"Umeandika pungufu ili uitwe," Pantaleo akamwambia Bhoke. "Mabega yote hayo, na moshi umekushinda. Jioni karatasi yako ya kufukuzwa itakuwa tayari. Boaz, wewe utarudia kesho na mwingine."

"Afande, nipe mtungi niingie sasa hivi."

"Sikukuuliza."

"Nipe mtungi."

"Bado uko chini yangu mpaka karatasi itoke!" Pantaleo akafoka. "Utaratibu ni uleule. Waliotoka wanashika, waliosubiri wanaingia. Boaz, mpira. Wewe, ubao. Ujifunze kuandika tarakimu kabla hujarudi Tarime. Ngassa na Gregory, vaeni!" Akaenda zake nyuma kwenye pipa.

Nikavaa mtungi. Kompresa kweli ilikuwa imeanza kusuasua adhuhuri ile. Wa Gregory ulikuwa na mia mbili sabini, wangu mia mbili kamili. Nikaandika kwenye kibati changu: 200. Sifuri ya katikati nyeupe, wazi, inasubiri mtu mwenye kalamu.

Bhoke alikuwa amesimama mbele ya ubao, mkono umenyooka.

"Lete."

Sikuleta.

"Lete, mura. Unaogopa nini? Si umesema mimi ndiye mwoga?"

Karibu nicheke. Mstari mmoja tu wa makapeni, kiuno kirudi, mia mbili inakuwa mia mbili themanini, na dakika zangu ishirini zinakuwa thelathini na mbili. Ndiyo, mtungi una firimbi yake. Hewa ikikaribia kwisha inalia yenyewe. Lakini ukiwa umepotea chumba cha mwisho gizani na kilo sabini za mchanga mikononi, firimbi inakuja kukuambia tu kwamba umechelewa. Nikamtazama Boaz. Boaz akageuzia uso wake kwenye mpira.

"Ngassa, twende bwana," Gregory akasema.

"Lete kibati," Bhoke akasema, polepole sasa. "Mimi nitakuhesabia."

Watu wakisimulia habari hii wananisifu kwamba roho ilinisuta. Haikunisuta. Niliogopa kufa. Nilikuwa nimeona jinsi ilivyo rahisi, ukucha na mate, na mbele yangu kasimama mtu mwenye kila sababu.

"Afande!" nikaita. Sauti ikatoka ya kitoto. "Afande Pantaleo!"

Akaja anatembea, macho mekundu kwa moshi. "Nini tena?"

"Geji ya Bhoke ilikuwa mia mbili themanini. Nimefuta mimi."

"Rudia."

"Nimefuta kiuno cha nane. Kwa ukucha."

Akakitoa kibati kwenye msumari, akakigeuza juani. Ukitazama kwa upande, mkwaruzo ulionekana.

"Kwa nini?"

"Utani, Afande."

"Mko watani? Nani kawapa utani ninyi wawili?" Hakusubiri jibu. "Na wewe ni wa ngapi kwenye ule ubao wa matokeo?"

"Wa saba."

"Wa saba," akarudia, na safari hii hakuna aliyecheka. "Vua mtungi."

Nikavua. Nilikuwa nikingoja ngumi ya Bhoke, hata shavu nimeshalikaza. Haikuja. Alinipita kama mtu anayepita nguzo, akachukua mtungi mwingine, akaufunga mgongoni. Pantaleo akamwambia apumzike kwanza. Akasema hajachoka. Boaz naye akavaa. Ubao akashika Pantaleo mwenyewe, na mimi nikaamriwa kusimama kando ya mlango wa kontena bila kofia, nitazame kazi inavyofanywa.

Dakika kumi na saba. Mlango ukasukumwa, moshi ukatoka, halafu kisigino cha Bhoke, halafu mgongo wake, anavuta kinyumenyume huku Boaz akisukuma. Pale ninaposimama mimi akamwachia Mheshimiwa. Kilo sabini, juu ya vidole vyangu vya miguu. Nikapiga yowe.

Hapo ndipo watu walipocheka. Hata Pantaleo.

Karatasi iliyoandikwa jioni ikawa yangu. Nikakabidhi buti, koti, kofia na kile kibati. Boaz alikuwa anakunja mpira karibu na stoo. Nikamwita mara mbili, akaendelea kukunja. Getini kuna bomba la maji, na Bhoke alikuwa ameinama pale ananawa masizi usoni.

Ningepita kimya. Lakini mimi ndiye Redio.

"Dada, angalau nilisema."

Akainuka, maji yanamtiririka kidevuni.

"Ulisema kwa ajili yangu, au kwa ajili ya ngozi yako?"

Akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Ungenipa kile kibati," akasema, "ningekihesabu. Mia mbili, dakika ishirini. Ningekupigia honi hata ya kumi na tisa. Kwa sababu ndiyo kazi. Halafu ukishatoka, ukishavua mtungi, ndipo ningekung'oa meno."

Akafunga bomba, akaondoka kuelekea kwenye kompresa, maana zamu ya kujaza mitungi ilikuwa yake. Mimi nikabaki palepale namtafutia jibu, mpaka mlinzi akaniambia nisogee, gari linataka kupita.