Laini ya Kimuli

Jumanne moja ya mwaka 1986, Kokushubira, opereta wa simu mjini Kayanga, alipangusa swichibodi, ubao wake wa kuungia laini, akaita Bukoba. Kati ya miji hiyo palikuwa na njia moja tu ya simu, na Bukoba walikuwa wakimrundikia simu bila kujua upande wake ukoje.

“Kaka Desderius, tupatane,” alimwambia opereta mwenzake. “Kengele moja, laini zangu nzima, leta simu. Mbili, subiri. Tatu, kuna mgonjwa, kata anayeongea.”

“Hata mkuu wangu?”

“Hata yeye.”

Siku ya tatu taa ya tundu namba tisa iliwaka. Hiyo ilikuwa ya kijiji cha Kimuli, ambako nguzo zilisimikwa na simu ikatundikwa ukutani mwa zahanati, ila waya haukufika. Kokushubira alichomeka plagi.

“Dada, ni nesi Anonciata. Kampire anajifungua, mtoto katanguliza miguu. Nitafutie daktari.”

Kokushubira akapiga kengele tatu. Kule Bukoba, Desderius alimkata mkuu wake katikati ya neno, akaunga hospitali. Daktari alimwelekeza Anonciata taratibu, wapi ashike, lini asubiri. Dakika ya arobaini mtoto akalia, na kilio kikafika Bukoba bila mkwaruzo.

“Safi sana, Koku,” alisema Desderius.

“Nilijua mpango wetu utakubali,” alijibu, akaketi wima, akaandika muda wa simu kwenye fomu.

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi. Alifungua swichibodi kwa nyuma, namba tisa haikuwa na waya. Alifuata nguzo mpaka Kimuli, zote tupu. Wakati wa kurudi alipita Ndama, akauona waya wenyewe umezungushwa kwenye shamba la kahawa la ofisa aliyesimamia mradi. Alipiga hodi, akanywa chai, akaondoka.

“Namba tisa inafanya kazi?” alimuuliza Kokushubira.

“Shika usikilize, mzee.”

Mkaguzi akamsikia Anonciata akiagiza chanjo. Akaandika: *Laini ya Kimuli ni nzima. Waya hauhitajiki.*

“Andika na walioipanga,” alisema Kokushubira.

Akamtajia majina, lake na la Desderius, herufi kwa herufi, akasimama hapo mpaka yote mawili yakaandikwa sawasawa.

Mwaka huo uliletwa waya mwingine wa Kimuli. Kwa vile haukuhitajika, ofisa aliuzungusha kwenye shamba lake la pili.