Masikio ya Shemeji

...na asilale, kasema Dickson mwenye farasi, asilale hata kidogo dada, ukimwona anakunja magoti mvute kamba, mzungushe, mpigie kelele, mtukane ukitaka, ila asilale, akilala akagaagaa tumbo litajisokota ndani na hapo tumekwisha, halafu huyo akaenda zake mbio kwenye kichuguu kule nyuma ya choo, maana leo Mpapura nzima mtandao uko juu ya kichuguu kile tu, na mimi nimebaki na kamba mikono miwili na kamera shingoni, namzungusha farasi chini ya mikorosho ya watu, kushoto, kushoto tena, haya Shemeji, twende, twende baba, mguu huo, na huu, usinitazame hivyo, mimi si daktari, mimi ni Mwanakombo mpiga picha za harusi, sijui kitu cha ndani ya farasi, najua cha nje tu, najua jua likiwa upande huu manyoya ya shingo yanawaka kama shaba, najua mguu gani uwe mbele ili asionekane kama meza, hayo ndiyo ninayoyajua, na hayo leo hayamsaidii mtu... Jasho limemlowesha mpaka kifuani, anasimama, anageuza kichwa kulitazama tumbo lake mwenyewe, analitazama kwa mshangao, kama mtu anayesikia anaitwa na hamwoni anayemwita, halafu anaparura mchanga kwa kwato, mara moja, mara tena, na najua baada ya hapo yanakuja magoti, kwa hiyo navuta, navuta kwa nguvu zangu zote na nguvu zangu zote kwake si kitu, anatembea kwa sababu amekubali tu, na siku akikataa, hata saa hii akikataa, nitafanya nini, nitamshika mkia? Kule chini ya turubai spika inalia, wanawake wanapiga vigelegele, ndoa imefungwa, bwana harusi Selemani anakula ubwabwa na mkewe, wana haki yao, mtu haachi harusi yake kwa ajili ya mnyama aliyemleta, ingawa asubuhi walipomwona anatokea kwenye njia ya vumbi na Selemani juu yake, kilemba kimekaa upande, watoto walipiga kelele Shemeji, Shemeji, mpaka majani ya mikorosho yakatikisika.

Alikuja na jina jingine kutoka Arusha, la Kizungu, hakuna aliyelishika, watu wa Mtwara walipoona kila harusi yeye yumo, mbele kabisa, amepambwa maua na kanga mgongoni, wakasema huyu ni shemeji wa mji mzima, jina likaganda, na Dickson mwenyewe aliyemleta akalizoea, na mimi siku nilipomwona Mikindani anashushwa kutoka kwenye fuso, anatetemeka miguu kwa safari, niliacha bajaji katikati ya barabara, nikamwendea nikalia, mwanamke mzima, mama wa watoto, nalia mbele ya wapakia mizigo, wakafikiri nimefiwa... Kwetu farasi hakuwa mnyama, alikuwa kitambaa, pazia la marekani ukutani kwenye studio ya baba pale Rahaleo, farasi mweupe aliyechorwa na Josephu mchora mabango, na Josephu, Mungu amweke pema, hakuwahi kumwona farasi maisha yake yote, alimchora kwa kusimuliwa na baba, na baba naye kasimuliwa na mabaharia bandarini, ndiyo maana miguu ikawa ya ng'ombe, macho ya binadamu, nywele za shingoni za mwanamke aliyetoka saluni, na masikio alisahau kabisa, baba akamwambia fundi, mnyama gani asiye na masikio, akarudi na brashi akayaweka mawili, wima, yamepinda kwa ndani kama korosho, na hayo, ajabu, hayo peke yake ndiyo aliyoyapata sawasawa. Nusu ya rika langu mjini wana picha mbele ya farasi yule, askari, maharusi, watoto waliotoka jando na vikoi vipya, na mimi nimejifunza kutambaa chini ya kwato zake, nikimuuliza baba, baba Bwanaheri, huyu anakaa wapi, akaniambia hakai, huku hakai, mbung'o humaliza farasi, huku kwetu ni wa kuchorwa tu, nami nikachukia mbung'o tangu siku ile kama wengine wanavyomchukia shetani... twende baba, usisimame, mguu huo... na wa kwanza wa kweli nilimwona Dar, nilipopelekwa kwa shangazi, farasi wa polisi anapita barabarani na askari juu yake, mkubwa kuliko nilivyowahi kudhani, ananuka jasho na majani, na masikio, ya Ilahi, masikio yalikuwa yanageuka, moja huku moja kule, yanasikiliza mji mzima, Josephu hakujua kwamba yanageuka, na lile lililokuwa upande wangu likageuka likanielekea mimi, mtoto wa Rahaleo, likanisikiliza, nikasema hapa nimefika.

"Dada! Dada Mwana!" Dickson huyo, amesimama juu ya kichuguu simu iko hewani, "anasema mtazame ufizi! Rangi gani?" ufizi, nifunue mdomo wa farasi kwa mkono upi, huu una kamba na huu una kamba, nambana kichwa kwa bega, nainua mdomo kwa kidole gumba, Shemeji samahani, samahani, "umepauka!" napiga kelele, "mweupe, kama wa maiti!" na mara nasema astaghfirullah, kwa nini nimesema maiti, hakuna aliyeniuliza unafanana na nini, nimeulizwa rangi... Yule wa kwenye simu ni daktari wa Arusha, wa kule kule alikotoka Shemeji, na wa kwetu, Godfrey wa mifugo, yuko njiani na mpira wa kupitisha puani na dumu la mafuta, yuko njiani tangu adhuhuri, na neno njiani kwetu Mtwara mtu huweza kulisema akiwa bado anatafuta soksi, na hata akifika amekiri mwenyewe, dada mimi ni wa ng'ombe na kuku, farasi nilimsoma chuoni kwenye kitabu, ukurasa mmoja, nikasema njoo na ukurasa huo huo, njoo tu. Yule wa Arusha, mara ya kwanza, mtandao haujakatika huku chini, aliuliza amekula nini, Dickson akaniangalia, nikasema mabibo, akauliza, mabibo ndiyo nini? Tunda la mkorosho. Mengi? Nikasema mabeseni. Akashusha pumzi, niliisikia ile pumzi kutoka Arusha mpaka Mpapura, akasema farasi hatapiki, mngemuuliza mtu, farasi hana uwezo wa kutapika, kikiingia kimeingia, na mimi nikabaki na neno hilo moja, hatapiki, paka hutapika, mtoto hutapika, Selemani akizidisha ubwabwa atatapika na atapepewa, na mnyama mkubwa hivi, mwenye nguvu za kuvuta nyumba, amenyimwa hilo dogo.

Na tungemuuliza nani, nani huku amewahi kuogopa bibo? Mbuzi wanakula, ng'ombe wanakula, sisi wenyewe tumekua mashati yana madoa yasiyotoka, msimu ukifika yanazagaa chini, mekundu na manjano, korosho inanyofolewa tunda linabaki la mwenye kutaka, kwa hiyo Bi Fatuma, mama wa bibi harusi, alipoona mgeni amefungwa mkorosho hana kitu mdomoni, aliona aibu, aibu kweli, akasema kwangu mgeni wa harusi hakai mdomo mtupu, awe na miguu miwili awe na minne, akaokota, akaosha kwa maji ya kunywa, maji ya kunywa jamani, akaleta beseni limejaa, na Dickson alikuwa ndani amekalishwa mkekani anapewa sahani, na kule kwao hakuna mikorosho, hata angekuwapo angejua nini... lakini mimi nilikuwapo. Mimi nilikuwa na kamera. Jua lilikuwa linapenya majanini, lile jua nililolitafuta miaka, na Shemeji alipoliona beseni alinyanyua kichwa na masikio yakasimama mbele yote mawili, nami nikainua kamera, kwa sababu baba alinifundisha, picha ya mnyama ni masikio, yakilala nyuma itupe, na nimetupa, nimetupa farasi wengi, wa polisi, wa Arusha nilikokwenda mara moja kuwafuata wao tu, mpaka Shafii mume wangu akawaambia ndugu zake kwamba ana mume mwenziwe mwenye kwato, wote ambao masikio yao yalisema jambo nisilotaka kulisikia nimewafuta. Nikasema, inua kidogo mama, beseni juu kidogo, hapo hapo, na Bi Fatuma akainua, anacheka, mikono inamtetemeka kwa uzito, na Shemeji anafuata, anakula, nikapiga, nikapiga, beseni likaisha, akasema nilete jingine? Nikasema lete mama. La pili yalikuwa ya juzi, yaliyolala chini, yalikuwa yameanza kunuka pombe, harufu ile niliisikia, pua yangu iliisikia kabisa, jicho likasema subiri kwanza, jua linaondoka... jicho lile moja, maana jingine huwa nimelifumba, maisha yangu yote nimempenda farasi kwa jicho moja na jingine nimelifumba, na sikuwahi kufikiri jingine lingeona nini. Lete tena mama. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Na Dickson kabla hajapanda kichuguu, macho mekundu, akanishika bega, akasema mpige picha dada, angali amesimama, nibaki na moja, nikamkasirikia, nikamwambia unamzika mtu anatembea, simpigi, sitampiga, kumbe nilijikasirikia mwenyewe kwa sababu kidole kilikuwa kimeshaenda kwenye kitufe chenyewe, bila kuniuliza, kimezoea... Amesimama tena. Magoti. Hapana, hapana, Shemeji, hapana, navuta, nampiga ubavu kwa kiganja, mlowevu, wa moto, chini ya kiganja tumbo limekaza kama ngoma na ndani kimya, hakuna mngurumo, nimeweka sikio, mimi nimeweka sikio langu kwenye ubavu wa farasi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, picha ninazo kuta nne na sijawahi kuweka sikio, na ndani hamna sauti yoyote, kuna joto tu na moyo unaokwenda mbio kama wa kuku aliyeshikwa, nami sina la kumfanyia, hili ndilo linaloniua, sina hata moja, ningekuwa na dawa ningempa, ningekuwa na kidole cha kumtia kooni ningetia mpaka kiwiko, nina lenzi ndefu iliyonifanya niwe gumzo mjini na haiwezi kumtoa bibo moja tumboni... ameinuka. Ameinuka, alhamdulillah, twende, mguu huo. Masikio yamelala pembeni, yamelegea, si mbele wala si nyuma, sijawahi kuyaona hivi, au nimeyaona na nimeyafuta, sasa nayatazama kwa macho mawili, yana nywele laini kwa ndani, yana kovu dogo la kupe upande wa kushoto, misimu yote hii na kovu lile sikulijua.

Spika imenyamaza, wanabadilisha wimbo, na hapo ndipo nasikia kandambili kwenye majani makavu, Bi Fatuma huyo, amejifunga kanga mpya ya harusi ya mwanawe, nusu anakimbia, usoni ana wasiwasi wa mwenye nyumba, anasema, "Mwanangu, nimeambiwa mgeni wetu ana hali mbaya, si tumbo hilo, njaa hiyo, safari ndefu ile kutoka mjini, sasa nimemchagulia mazuri, aliyapenda asubuhi," na mikononi ana beseni. Lile lile. Limejaa, jekundu na manjano, yana matone ya maji, ameyaosha tena. Na Shemeji amelisikia kabla yangu, kichwa kimepanda, shingo imepanda, na masikio, yaliyokuwa yamekufa sasa hivi, yanasimama, polepole, moja kisha la pili, mbele, wima, yamepinda kwa ndani kama yale ya Josephu, na jua la alasiri limeingia chini ya matawi likamkamata jichoni na kwenye jasho, yuko mzima, yuko kama alivyokuwa ukutani nilipojifunza kutambaa chini yake, ndiyo hii, maskini mimi, picha yenyewe ndiyo hii, sikuwahi kuipata Dar wala Arusha, na haitarudi, najua kabisa haitarudi, kamera iko kifuani, ningeachia kamba mkono mmoja tu, mmoja... Kamba imenikata kiganja. Sikuachia. Nikasogea mbele yake, nikasimama kati ya masikio yale na beseni, nikamtazama Bi Fatuma, mama wa watu, kanga yake mpya imelowa maji ya kuoshea mabibo, anangoja nimwambie aliweke wapi, kama alivyongoja asubuhi, na neno lilikuwa mdomoni, lote, ni mabibo haya mama, na juu ya kichuguu Dickson anaita, halo, halo, unanisikia, na nikaona kwamba neno lile likitoka halitampunguzia Shemeji chochote, litaingia kwa mama huyu na yeye pia hataweza kulitapika.

"Ameshiba, mama," nikasema.

"Alhamdulillah," akasema, uso ukamkunjuka, "basi namwekea pembeni, ya kesho."

Nikasema inshallah. Nikazungusha kamba mkononi mara nyingine, masikio bado yamesimama yanalifuata beseni linavyoondoka, nami nikayatazama mpaka yalipoanza kushuka, haya baba, mguu huo, na huu, kushoto, kushoto tena.