Soksi Moja na Karela

Jina langu la mtandaoni lilikuwa Soksi Moja. Lake, Karela. Miaka minne tuliandikiana kila siku, kwenye jukwaa lililo nje ya ukuta wa serikali unaozuia mitandao, na sharti letu moja: hakuna jina, hakuna mji. Mimi niliandika habari za mgodi uliomfukia mume wangu, na idadi ya maiti ambayo wakubwa hawakutaka kuitaja. Karela akawasambazia watu. Mtu mwingine wa kuniuliza "umekula?" sikuwa naye.

Basi nikajiponza mwenyewe. Huku kaskazini mtu hajiwashii joto nyumbani kwake. Wakubwa ndio wanaofungulia maji ya moto kwenye mabomba ya mji mzima, kila mji na siku yake. Nami kwa furaha nikaandika jukwaani: "Leo wametufungulia! Beijing bado wanatetemeka. Ila bomba langu limepasuka, sebule bwawa tupu!" Ujinga gani huo, mtu mzima mimi!

Wiki iliyofuata afisa Pang wa usalama akabisha hodi, kijana wa adabu, mkononi mfuko wa machungwa.

"Shangazi Yin, sebule imekauka?"

Habari ya sebule nilikuwa nimeiandika jukwaani tu.

"Siku ile mji uliofunguliwa maji ya moto ni huu peke yake," akasema huku akimenya chungwa. "Nyumba zilizopasuka bomba ni saba. Mjane wa mgodi mmoja tu. Wewe hatuna shida nawe, shangazi, kwa umri huo. Tunamtaka Karela. Muulize tu, kwao wameshafungulia?"

"Mambo hayo hajibu."

"Wewe atakujibu. Si anakupenda?"

Akakaa ubavuni pangu, macho kwenye simu yangu. Kumwonya Karela sikuweza. Nikaona heri nimpoteze kuliko kumkabidhi kwao. Nikamwandikia faraghani, upesi, kabla sijashikwa mkono: "Karela, umenichosha. Mpuuzi mkubwa wewe! Usiniandikie tena maisha yako yote."

Pang akaachama. "Shangazi! Ndiyo nini sasa?"

"Nimemkasirikia. Kwani ni kosa?" Machozi yalikuwa yananitoka. Moyoni namsihi Karela: nikasirikie, nitukane, potea kabisa.

Pang alishaanza kukusanya maganda yake ya machungwa, uso umemvimba kwa hasira. Simu ikalia, ujumbe wa Karela.

"Dada, huyo si wewe. Unaumwa? Nakuomba usije ukajidhuru. Nipigie sasa hivi, namba yangu hii."

Tarakimu kumi na moja. Na huku hakuna namba isiyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu.

Pang akazinakili taratibu, moja moja. Hata hakuchekelea.

"Pole, shangazi," akasema, akaitia simu yangu mfukoni, akaondoka nayo.

Namba ile ninayo kichwani, yote kamili. Sauti yake sijawahi kuisikia.