Ndama wa Zizi la Tatu

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Rafal alilisoma kwenye simu akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi. Mhakiki wa jarida, mtu asiyejulikana jina wala nchi, alikuwa ameridhika na karibu yote katika makala yao. Lilimtatiza jambo moja: ndama wa zizi la tatu, ambao walipaswa kukaa bila dawa ili walinganishwe na wenzao, walikuwa wameondolewa kwenye hesabu. Kwa nini?

Rafal hakujua; aliwakuta wamekatwa mstari tu kwenye daftari la zizini. Aliyejua alikuwa amelala Najaf, chini ya udongo, tangu mwaka jana.

Rafal na huyo marehemu, mumewe Laith, walikuwa madaktari wa mifugo, wote chuoni Basra. Laith alishinda mabwawani Chibayish kwa wafuga nyati wa maji, akirudi na matope hadi magotini na vichupa vya kinyesi cha ndama. Rafal aliinama kwenye hadubini akihesabu mayai ya minyoo, huku binti yao Jumana akimvuta sketi. Walitaka kujua kitu kimoja: ndama akipewa dawa ya minyoo, ile ya bei chee, angali na wiki mbili tu, atapona kifo kinachowapukutisha wenzake kila msimu?

Na Laith alikuwa ameapa makala yao itatoka kwenye jarida la wazi, ambalo yeyote mwenye simu atalifungua bila kulipa. Aliwahi kusimama kwenye matete, kichwa cha ndama anayekata roho kikiwa mapajani mwake, akapekua simu, akakuta utafiti wa ugonjwa uleule, tena uliofanywa kwa nyati wa mabwawa yaleyale. Umefungwa. Usomwe kwa kadi ya benki ya ng'ambo.

"Nyati wetu, kinyesi chetu, kufuli lao," alikuwa akisema. Watu wakicheka, yeye hacheki.

Jarida la wazi liliwasamehe ada ya kuchapisha. Lilichotaka ni takwimu zote ziwekwe hadharani kama zilivyo, nzuri na mbaya.

"Umm Jumana, unajitesa bure," alisema Wathiq, mwenzao wa ofisi moja. "Iondoe huko. Kuna jarida la kulipia, lina jina kubwa, wala haliulizi takwimu. Tutaandika ndama walipotea. Nyati hupotea, ati! Nani ataogelea kwenda kuwatafuta?"

"Litakuwa na kufuli."

"Litakuwa na jina la mumeo. Unataka nini zaidi?"

Rafal alitaka kujua. Asubuhi moja akamfunga Jumana ushungi, wakaenda Chibayish, wakapanda mtumbwi hadi kisiwa cha matete chenye zizi la tatu. Mwenye zizi alikuwa mjane ambaye hakujaliwa mtoto, na kama ilivyo desturi ya kwao, watu walimwita Umm Ghaib, mama wa asiyekuwepo.

"Huyu ndiye wa Laith?" Umm Ghaib alimshika Jumana kidevu. "Mbona kama unyasi? Mama yako anakulisha karatasi?" Akamwekea sahani ya malai mazito ya maziwa ya nyati, asali ya tende na mkate wa moto. "Kula, roho yangu. Ukimaliza, lamba na sahani, hapa hatuna adabu."

Jumana akacheka. Rafal alingoja mtoto ashughulike na mkate, ndipo akauliza, akimwita khaloo, yaani mama mdogo.

"Khaloo, ndama wako wa mwaka jana. Walipatwa na nini?"

Mama yule alipangusa mikono kwenye abaya.

"Hakukwambia? Basi hakuwahi." Akaketi chini kabisa. "Mwanangu, walianza kunyong'onyea. Nikampigia simu. Nikamwambia, Daktari, wanakufa. Akasema, khaloo, hawa ndio wa kutopewa, nikiwapa nimeharibu kazi. Nikamwambia, sawa, mimi sijasoma, lakini sauti zao nazisikia. Akakata simu. Nikamtukana, Mungu anisamehe. Ijumaa nikaona mtumbwi unakuja."

"Ijumaa," alisema Rafal.

"Ijumaa. Akawanywesha dawa mmoja mmoja, akawakata mstari daftarini. Akaniambia, nimemwacha binti yangu anaungua homa, lakini yeye ana mama yake. Hawa hawana wa kuwapa ila mimi. Kisha akasema, khaloo, usimwambie mke wangu. Kazi yake ya mwaka mzima nimeimwaga majini. Nitamwambia mwenyewe jioni."

Jioni hiyo hakufika. Lori lilimkuta barabarani, njia ya kurudi.

Rafal alikuwa anaikumbuka Ijumaa ile kama mtu anavyokumbuka mahali alipoungua. Jumana alikuwa begani mwake, moto kama chungu. Naye, mlangoni, alimwambia mumewe: "Nenda basi! Nyati wako wana thamani kuliko mwanao." Laith aliondoka. Hilo ndilo neno la mwisho Rafal alilomwambia, na kwa mwaka mzima alikuwa amemkasirikia maiti ili asijikasirikie nafsi yake.

Alilia pale pale kwenye matete, kwa sauti. Umm Ghaib hakumnyamazisha. Alimkamata mkono, akampeleka kwa mtamba mweusi aliyekuwa amezama maji hadi puani.

"Mmoja wao huyo. Mguse."

Rafal akamgusa. Alikuwa na joto.

Wiki ile akaandika jibu lake. Wathiq alisimama nyuma yake, akasoma: *Ndama wa zizi la tatu waliondolewa kwa sababu mtafiti wa kwanza, marehemu, aliwapa dawa walipougua.*

"Unamvua nguo mbele ya dunia," alisema. "Watasema hakujua kazi."

"Waseme."

"Na wasiopewa waliobaki ni wachache. Makala itasinyaa."

"Isinyae, Wathiq. Lakini ifunguke."

Ikasinyaa kweli. Jarida lilikata nusu ya madai yao, likaitoa kama taarifa fupi, jina la Laith likiwa la kwanza. Rafal aliibonyeza kwenye simu yake mwenyewe, akiwa kitandani na Jumana. Haikudai kadi, haikudai kitu. Ilifunguka tu, kama mlango wa mtu anayekungoja.

Siku chache baadaye ujumbe ukaja kwenye anwani iliyowekwa chini ya makala, kutoka kwa daktari kijana wa mifugo kwenye delta ya Nili. *Mheshimiwa Daktari Laith, nimesoma kazi yako hapa zizini. Nina ndama wanaougua. Dozi ni kiasi gani kwa mdogo sana? Tafadhali nijibu upesi.* Kwa haraka yake alikuwa ameliruka lile neno marehemu kwenye makala.

"Nani huyo, mama?"

"Mtu anamtafuta baba."

Jumana alifikiri. "Mwambie hayupo."

Rafal aliandika hivyo, akafuta. Ndama walikuwa wanangoja. Akaandika dozi, namna ya kumshika kichwa, muda wa kurudia, yote, kama Laith angeyasema. Alipofika chini, mahali pa kutia jina, hakuweza kuandika la Laith wala lake. Akautuma ujumbe bila jina, akazima taa, akamvuta mtoto kifuani. Hakuwa na homa.