Kasia na Samaki Wawili

Ko. Ko-ko. Egyirba aliisikia patasi kabla hajaupita ukuta wa banda la nyavu, na moyo wake ukatangulia miguu. Upande wa pili alimkuta Mzee Bentsil ameinamia mtumbwi mpya, akichonga alama ya ukoo wake ubavuni: kasia lililosimama wima, samaki wawili wamelizunguka.

Egyirba akachomoa karatasi mkobani. Miaka sita alikuwa akiwasaka mabaharia weusi wa Atlantiki katika majalada ya kale ya meli. Juzi alikuwa amempata mmoja mwenye alama hiyohiyo, imechanjwa kwa wino kwenye ngozi ya mkono.

"Baba, nimempata!" Sauti ilimpaa. "Babu wa mababu zenu! Aliuzwa ut..."

Mzee akainua patasi. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakageuka kutazama.

"Wewe ni binti wa hapa Anomabo au wa Ulaya? Asili ya mtu inanadiwa ufukweni kama dagaa?"

Uso ukamuwaka. Alizaliwa mitaa miwili kutoka pale. Alijua fika kwamba chimbuko la mtu hulitaja mwenyewe tu. Mzee akikataa isomwe, kazi ya miaka sita ingeozea sandukuni.

"Mwache aseme, mzee," Kakraba, mmoja wa wavuvi, alidakia, sindano ya nyavu mdomoni. "Labda kakuletea ramani ya kwenu."

Wenzake wakacheka. Vijembe hivyo Bentsil alivizoea tangu utotoni: kwamba ukoo wake ni watu wa kuletwa, uzao wa watumwa. Akamvuta Egyirba nyuma ya mtumbwi.

"Soma. Kwa sauti ya chini."

Akasoma. Kijana wa bara, ameuzwa, amevushwa bahari. Akatoroka bandarini, akaajiriwa melini kama baharia huru. Mara nne akaivuka bahari ileile, usukani mikononi mwake. Safari ya tano akashuka Anomabo, na meli ikaondoka bila yeye.

"Alishushwa?"

"Alishuka, Baba. Nahodha kaandika kwa hasira: kakataa kurudi."

Kicheko kikamtoka Mzee tumboni, kikubwa, cha kijana. Akatoka hadi mbele ya wavuvi, patasi mkononi.

"Kakraba, mwanangu, Jumanne, siku mitumbwi yote hupumzika, njoo na ukoo wako mzima. Nitasimama hapahapa niseme kwa kinywa changu tulikotoka, na binti huyu atasoma. Hatukuletwa sisi. Tulikuja. Nakuahidi, utalisikia hilo mpaka neno la mwisho."