Kidonge cha Cheko

Wanafunzi wa udaktari walimwita Profesa Maziwa, na walidhani hajui. Alijua. Jina hilo alilisikia mara ya kwanza akiwa chooni kwenye jengo la kitivo, wao wako nje ya mlango, akacheka peke yake mpaka akasahau kunawa mikono. Mtu aliyemaliza nusu ya umri wake akichunguza homoni inayomtoa mama maziwa, na namna inavyoweza kumgeuka mama huyohuyo na kumla moyo, angeitwaje tena? Wenzake wa idara walikuwa na ndimi kali zaidi. "Tulikutuma ukasomee moyo," mmoja alimwambia aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, "wewe umeturudia na matiti!"

Jambo lenyewe lilimwanzia wodi ya wazazi, angali daktari kijana. Mama mmoja aliyekuwa amejifungua salama na kwenda zake nyumbani alirudishwa akihema kama aliyepanda mlima kwa mbio. Hakuweza kulala chali. Alikaa kitako, mikono juu ya magoti, akiitafuta hewa kwa mdomo. Daktari mkuu akasema ni nimonia, wakamtibu nimonia. Kulipopambazuka alikuwa amekufa, gauni la hospitali limelowa maziwa kifuani, mtoto wake analia kwenye kitanda cha pili. Daktari kijana alibaki amesimama pale na kipimo chake shingoni kama pambo. Moyo uliomudu mzigo wa mimba miezi yote ile, umezidiwaje mzigo ulipotuliwa?

Akaliingia swali hilo mzimamzima. Akasoma, akakusanya damu za wazazi, akazihifadhi kwenye friji zilizojaa chumba kizima. Umeme ukikatika, alikuwa akienda kuomba barafu kwa wauza samaki na kuibeba mgongoni kwa gunia. Mkewe alivumilia, alivumilia, mwishowe akaondoka, akisema alikubali kuolewa na daktari, hakukubali kuwa mke mwenza wa friji. Profesa hakumlaumu. Aliyembakia wa karibu alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na binti wa pekee wa dada huyo.

Binti walimwita Cheko. Alikuwa fundi simu, ana kibanda chake kando ya stendi, na kicheko chake kilitangulia mlangoni kabla yake. Alimpenda mjomba wake na kumtania bila kumhurumia. "Mjomba, wewe utafiti wako hauishi?" alikuwa akimuuliza. "Mimi simu ikinishinda siku mbili, mwenyewe anakuja kuichukua kwa ugomvi."

Siku zikapita, utafiti ukafika pale ulipokuwa ukielekea. Kikapatikana kidonge kipya cha kuinyamazisha ile homoni. Lakini je, kinaokoa moyo kweli, au ni matumaini ya watafiti tu? Njia ya kujua ilikuwa moja. Wagonjwa wote wapate matibabu ya kawaida; kisha nusu yao wapewe kidonge, na nusu wapewe kinachofanana nacho, ndani yake unga mtupu. Nani kapata kipi, asijue mgonjwa, asijue daktari, asijue hata Profesa. Sharti hilo alilisisitiza yeye mwenyewe. "Macho yangu yanaipenda mno dawa hii," aliwaambia kwenye kikao. "Yafungeni." Siri akakabidhiwa mtaalamu wa takwimu, mama mmoja mkavu waliyempa jina la Bibi Takwimu, ambaye hutoa salamu kana kwamba anazikatia risiti.

Utafiti ukiwa katikati, Cheko alijifungua mtoto wa kike. Profesa alikwenda kumwona, akamkuta na afya njema, anagombana na mumewe, dereva wa lori, kuhusu nani kamrithisha mtoto masikio yale. Wiki chache baadaye dada yake akampigia simu mchana, yeye akiwa anatoka darasani.

"Mdogo wangu, huyu mwanao hana raha. Miguu imevimba. Kwenye zahanati wamesema ni uchovu wa uzazi, apumzike. Sasa atapumzikaje, na kulala hawezi?"

"Hawezi vipi?"

"Akilala anasema anazama. Anakaa tu kitini."

"Mpe simu."

Cheko akaipokea. "Mjomba," akasema, akavuta pumzi. "Usianze," akavuta tena, "kunihubiria."

Profesa alisimama palepale ukumbini, wanafunzi wakimpita huku na huku. Hakuhitaji kipimo. Pumzi ile aliijua kama mtu ajuavyo hatua za mgeni asiyemtaka.

Hospitalini walimpaka Cheko jeli kifuani na kuutazama moyo wake kwenye skrini. Aliyemtazama alikuwa daktari bingwa wa moyo aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Profesa, mwanamke mmoja mtaratibu mwenye mikono ya baridi. Profesa aliona kabla ya kuambiwa. Moyo ulikuwa umetanuka, umelegea kama mfuko uliobebeshwa kupita kiasi, unajikunja kwa shida na kurudi kama ulivyokuwa.

"Profesa," daktari akasema kwa heshima zote, "naomba utoke nje."

"Nataka tu kuona vali ya..."

"Leo wewe ni mjomba. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Akatoka. Kwenye benchi la nje alimkuta dada yake amempakata mtoto, na mkwe wao amesimama ameshika chupa ya maziwa kama mtu aliyeshikishwa kitu asichojua ni cha nani.

Jioni ile daktari alimweleza Cheko juu ya utafiti. Angepata matibabu yote ya kawaida, na akipenda angeingia pia kwenye jaribio la kidonge kipya. Kidonge hicho hakikuwa kikitolewa penginepo popote. Cheko alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, oksijeni puani. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamtafuta mjomba wake kwa macho pale mlangoni.

"Mjomba, ungekuwa wewe, ungetia saini?"

Swali jepesi. Mtu yeyote mwenye mpwa angelijibu. Lakini mwenye utafiti haruhusiwi kumshawishi mgonjwa, na kanuni hiyo nayo alikuwa ameiandika yeye. Daktari alimtazama. Nesi alimtazama. Profesa akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa, "Muulize daktari, mwanangu. Atakueleza vizuri."

Cheko akacheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Haya bwana," akasema, akatia saini.

Dada yake alimsubiri kwenye kona ya ngazi. "Nimesikia habari za unga," akasema. "Mwanangu anaweza kupewa unga?"

"Anaweza."

"Na nani anajua kama ni unga?"

"Mimi sijui, dada."

"Nakuuliza nani anajua."

"Kuna mama mmoja. Lakini hawezi kusema, na mimi siwezi kumuuliza. Tukianza kufungua kwa huyu na yule, utafiti wote umekufa, na wagonjwa waliokubali..."

"Nimekufulia nguo za shule mpaka vidole vikachubuka," dada alisema, bila kupaza sauti. "Nilikuwa nakusomesha uje uniambie hujui?"

Mganga hajigangi, wamesema wahenga, lakini hawakusema anapaswa kusimama wapi wakati wenziwe wanaganga. Yeye alisimama ngazini mpaka dada yake alipomaliza kulia, kisha akamshika mkono wakateremka.

Siku zilizofuata alizipitisha kwa namna ambayo angemfukuza mwanafunzi yeyote aliyeifuata. Alianza kutazama gauni. Cheko hakuwa akinyonyesha, kwa sababu ya dawa na udhaifu, lakini maziwa yalikuwa yakimtoka hata hivyo, na gauni lilikuwa likilowa. Kidonge, kama ni chenyewe, kingeyakausha upesi. Kila alipoingia wodini, jicho lake lilikimbilia kifuani pa mpwawe kabla ya usoni, akaona haya, na bado likakimbilia.

Asubuhi moja gauni lilikuwa kavu. Kesho yake pia kavu. Profesa alijiambia kwamba maziwa yasiponyonywa hukauka yenyewe, kwamba hiyo si dalili ya kutegemewa, kwamba angemfelisha mtu aliyeandika upuuzi huo kwenye mtihani. Huku akijiambia hayo alikuwa akipanda ngazi mbili mbili. Kitanda cha jirani alilazwa fundi cherehani mmoja mwenye ugonjwa uleule, aliyeingia kwenye jaribio wiki ileile. Gauni lake lilikuwa bado linalowa. Profesa aliliona doa lile, na moyoni mwake kikapita kitu kinachofanana na furaha. Akageuza uso haraka kama aliyechungulia dirisha la watu.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivi ndivyo ilivyokwenda. Fundi cherehani alianza kulala kwa mito miwili, kisha mmoja. Miguu yake ikanywea, akaonekana anatembea mpaka dirishani, na siku moja akavaa gauni la rangi alilolishona mwenyewe, akaaga kitanda kwa kitanda na kwenda nyumbani. Cheko hakupona. Walimwongezea dawa za kupunguza maji, wakambadilishia hizi na zile, wakamhamishia chumba cha uangalizi maalumu. Moyo wake uliitikia kidogo, kisha ukasahau. Bingwa wa moyo alifanya yote ambayo Profesa angefanya, kwa mpangilio uleule, tena kwa mkono mtulivu zaidi. Profesa alitamani akute kosa. Angekuwa na kosa la kusahihisha, angekuwa na kazi.

Mchana mmoja walikuwa wawili tu chumbani, mashine zinalia pole pole. Cheko alikuwa macho.

"Mjomba, simu ikiingia maji," akasema, "watu wanakosea wapi? Wanaendelea kuibonyeza. Ya kwanza," akapumzika, "ni kuizima. Unaizima, unaianika, unangoja."

"Ndiyo."

"Huu sasa hauzimiki, eh?"

"Hauzimiki, mwanangu."

"Mbaya sana huyo aliyeutengeneza. Hakuweka swichi." Akatabasamu, akafumba macho. "Mwambie baba mtoto, zile simu za watu ziko kwenye droo ya chini. Wasije wakadhani nimekimbia nazo."

Profesa alimkanda miguu. Kidole chake kiliacha shimo kwenye ngozi iliyovimba, na shimo halikujaa tena upesi. Aliwahi kuonyesha mashimo ya namna hiyo kwa mamia ya wanafunzi. Akaendelea kukanda.

Cheko alifariki asubuhi, wakati nesi wa zamu akibadilisha dripu na mama yake ametoka kidogo kwenda kunawa uso. Profesa alikuwepo. Aliwaona wakimshindilia kifua, akahesabu nao kimoyomoyo bila kutaka, na daktari alipoinua mkono wasimame, ni yeye aliyekwenda kumpokea dada yake mlangoni, maji bado yanamchuruzika usoni.

Profesa alirudi kazini. Wapo waliomshauri apumzike, lakini nyumbani kulikuwa na nini? Utafiti ukaendelea mpaka mgonjwa wa mwisho, na siku ya kufungua siri ikafika. Bibi Takwimu aliwasomea matokeo kwa sauti yake ya risiti. Kidonge kinasaidia. Hakisaidii wote, wala si kwa kiasi walichokuwa wakikiota, lakini waliokipata walipona wengi kuliko waliopata unga, na tofauti hiyo haikuwa ya kubahatisha. Watu wakapiga makofi. Mmoja akamkumbatia. Watu walipotawanyika Bibi Takwimu alibaki, akafunga mkoba wake, akaufungua tena.

"Unataka kujua?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu cha namna hiyo.

"Sema."

"Alipata dawa. Yule wa kitanda cha jirani alipata unga." Akaufunga mkoba. "Pole sana, Profesa. Hesabu hazimjui mtu."

Jumapili alikwenda kwa dada yake. Alimkuta sebuleni anamvisha mjukuu soksi, na mjukuu anazivua. Baba mtoto alikuwa safarini na lori. Redio ilikuwa imezimwa, lakini habari ilikwisha fika.

"Nimekusikia redioni," dada akasema. "Dawa yako imefaulu."

"Imefaulu kidogo."

"Wamesema inaokoa." Alimaliza soksi moja, akashika mguu wa pili. "Basi mwanangu alipewa unga."

Hapo palikuwa na uongo umekaa tayari, umepambwa. Angesema ndiyo, na dada yake angekuwa na kitu cha kukasirikia maisha yake yote: unga, bahati, mama wa takwimu, na mdogo wake pia. Angesema hapana, na kusingebaki kitu cha kushika. Profesa alitafuta njia ya tatu, asiione.

"Hapana, dada. Aliipata dawa yenyewe. Tangu siku ya kwanza."

Mtoto akavua soksi ile ya kwanza na kuitupa chini ya kochi.

"Bora ungenidanganya," dada akasema hatimaye.

Akasimama, akamwekea mtoto mapajani bila kumtazama, akatoka uani kwenda kuanua nguo. Mtoto alimkodolea macho mzee huyu asiyemzoea, akakunja uso, akaanza kulia. Profesa alimbembeleza, akamgeuza upande huu na upande ule, akasimama naye akazunguka meza. Mtoto akazidi. Alimwita dada yake, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa sauti. Uani zilisikika kamba zikivutwa na vibanio vikidondoka ndooni, kimoja kimoja, na hakuna aliyeitika.